Zermatt wakati wa theluji na wakati wa majani

Kijiji cha Zermatt, kusini mwa Uswisi, kiko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda magari ya waya kutoka mwisho wa kijiji, baada ya kama dakika 45 unashushwa kituo cha Klein Matterhorn, mita 3,821. Kwa anayeijua njia ya Marangu, hapo ni juu ya kambi ya Horombo, ambayo iko mita 3,720. Mpanda Kilimanjaro hufika Horombo siku ya pili, akiwa ameshalala Mandara, na njia nzima mwongozaji anamwambia pole pole. Zermatt huambiwi pole pole na mtu. Unakaa kwenye kiti, mlango unafungwa, na mwili unapelekwa juu kabla haujapata habari.

Kwa hiyo cha kupanga kwanza, iwe Januari au Agosti, ni kimo. Siku ya kwanza tembea kijijini, na ukipanda uishie Sunnegga, mita 2,288, kwa ile treni ya kamba inayopita ndani ya mwamba. Siku ya pili nenda Gornergrat, mita 3,089, kwa reli ya meno iliyofunguliwa mwaka 1898. Klein Matterhorn iache hadi siku ya tatu. Kule juu shinikizo la hewa ni pungufu kidogo ya theluthi mbili ya lile la Mombasa au Dar es Salaam, na ngazi chache tu za jukwaa la kutazamia zinatosha kukuhemesha. Kichwa kikianza kugonga, au tumbo likichafuka, shuka kwa gari linalofuata. Kukaa mkahawani ukisubiri hali itulie ni kosa, kwa sababu kimo ndicho kinachokuumiza, na kikombe cha chai hakikipunguzi. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mjamzito, na mwenye mtoto mchanga wamwone daktari kabla ya safari.

Kufika kwenyewe si kugumu. Ukitua Zurich unahesabu kama saa tatu na nusu za treni, ukitua Geneva kama saa nne. Njia zote mbili zinakutana Visp, na hapo unahamia treni nyembamba inayopanda bondeni, ambayo kwenye miinuko mikali hujishika kwa meno katikati ya reli. Magari ya petroli hayaingii kijijini. Anayekuja na gari analiegesha Täsch, kijiji cha jirani upande wa chini, kisha anapanda treni ya dakika 12. Ndani ya Zermatt kuna teksi na mabasi madogo ya umeme, na hoteli nyingi huja kukupokea stesheni ukiwapa saa ya kufika. Magari hayo hayana ngurumo. Kabla ya kusimama katikati ya njia kupiga picha, geuka uangalie nyuma.

Reli ilifika Zermatt mwaka 1891, na hadi leo reli na barabara zinapita bonde moja jembamba. Zikifungwa, kijiji kinakuwa kisiwa. Januari 2018 wageni kama 13,000 walikwama kwa sababu ya hatari ya maporomoko ya theluji, na baadhi yao walitolewa kwa helikopta. Juni 2024 ilikuwa mafuriko, na Aprili 2025 theluji nzito tena. Kwa hiyo usipange kuondoka Zermatt asubuhi na kuruka jioni ile ile. Usiku wa mwisho lala Zurich au Geneva. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko tiketi mpya ya ndege kwenda Nairobi.

Anayeomba viza ya Schengen anatakiwa kuwa na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Hiyo inakupitisha ubalozini tu. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa: bima nyingi za bei ya chini huondoa michezo ya theluji, na nyingine huondoa uokoaji milimani. Uswisi anayeokolewa ndiye anayelipa, na helikopta ni maelfu ya faranga. Namba ya dharura katika jimbo la Valais, lenye Zermatt, ni 144. Iandike kwenye simu kabla ya kupanda, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri ikipigwa na baridi huzima hata kama ilikuwa na nusu ya chaji.

Wakati wa theluji

Msimu wenyewe ni kuanzia mwisho wa Novemba hadi karibu mwisho wa Aprili. Februari shule nyingi za Ulaya ziko likizo, bei zinapanda na foleni zinarefuka. Kwa anayejifunza, Machi ni bora kuliko miezi yote: mchana umerefuka, theluji imelainika kidogo, na kuanguka kunauma kidogo zaidi ya kukaa kwenye mchanga. Ubaya wa Machi ni kwamba theluji iliyoyeyuka jana mchana inaganda usiku, kwa hiyo asubuhi mapema njia ni ngumu kama sakafu. Anza saa nne.

Mavazi yawe tabaka tatu. Linalogusa ngozi liwe la sufu nyembamba au kitambaa cha michezo, la kati liwe zito la kutunza joto, la nje lizuie upepo na maji. Fulana ya pamba iache hotelini. Pamba hunywa jasho na kukaa nayo, na ukikaa kwenye kiti cha waya dakika kumi upepo ukikupiga, ile fulana mbichi inakuwa friji mgongoni. Kofia ngumu ni lazima ikae kwenye fuvu lenyewe. Rasta nene au kifundo cha nywele vinaiinua, na kofia iliyoinuka haikukingi, kwa hiyo kabla ya safari suka twende kilioni au mtindo wowote unaolala. Anayevaa hijabu atafute ile nyembamba ya michezo, ikae chini ya kofia, na ncha zake ziingie ndani ya jaketi ili zisinaswe na kiti cha waya.

Ngozi nyeusi nayo inaungua. Miale mikali ya jua huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni, hata chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua. Paka krimu ya kukinga jua kila baada ya saa mbili. Hewa pia ni kavu mno, midomo inapasuka siku ya kwanza. Kopo dogo la mafuta ya mgando kutoka nyumbani litakusaidia kuliko losheni za majimaji. Miwani ya theluji si pambo: macho yakichomwa na mng'ao huo hayakuambii papo hapo, yanaanza usiku, na yanawasha kama yametiwa mchanga.

Vifaa vya skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, hukodishwa, na nenda dukani jioni ya kuamkia siku ya kuteleza, maana asubuhi foleni inakula somo lako. Watakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu. Sema kweli. Kwa majibu hayo na urefu wa soli ya kiatu, fundi hupanga namba ya vibanio vinavyoshika kiatu kwenye skii. Ukijitia ujuzi, vibanio vinakazwa zaidi, na siku utakapoanguka skii haitaachia. Mguu utageuka nayo, na goti ndilo litakalolipa. Ukipunguza uzito wako kwa aibu, skii itachomoka katikati ya kona.

Kwenye viatu tumia muda. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimita, kama 26.5. Vaa soksi moja tu, nyembamba na ndefu hadi chini ya goti, na suruali ya ndani iishie juu ya kiatu, isiingie hata kidogo, kwani mkunjo mmoja wa kitambaa kwenye muundi utakuwa jeraha ifikapo mchana. Fungua vifungo vyote, sukuma mguu, kisha piga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kikae nyuma kabisa. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Funga vifungo vya juu kwanza, kunja magoti, na hapo vidole vinatakiwa kurudi nyuma na kuacha kugusa. Vya chini vikaze kidogo tu. Wengi huomba namba kubwa zaidi kwa kuona kiatu kinabana, na hapo ndipo mateso yanapoanza: mguu unateleza ndani, mtu anakaza vifungo kuuzuia, damu inakatika, vidole vinakufa ganzi kwa baridi, kisha lawama zinapewa hali ya hewa. Tembea nacho dukani dakika kumi. Kikiuma sehemu moja kama ncha ya kidole, badilisha. Kikibana mguu mzima sawasawa, ndicho.

Uwanja wa wanaoanza uko Sunnegga, karibu na ziwa dogo la Leisee, na una mkeka unaotembea unaokurudisha juu. Chukua mwalimu angalau siku tatu. Rafiki anayejua skii hajui kufundisha skii, na atakupeleka mahali panapomfaa yeye. Kabla ya kuvaa skii, kwangua theluji iliyoganda chini ya kiatu kwa fimbo. Isipotoka, kisigino hakiingii hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Tanguliza vidole, kisha kandamiza kisigino hadi usikie mlio wa kufunga.

Umbo la kwanza unalofundishwa ni la kabari, ambalo Waswisi hapo huliita plau: ncha za mbele zinakaribiana bila kupandana, mikia imetanuka. Ukizidi kutanua unapunguza mwendo, ukikanyagia mguu wa kushoto unapinda kulia. Kosa la karibu kila mtu ni kuegemea nyuma. Mwili unaona mteremko, unaogopa, unarudi nyuma kama mtu anayeshuka korongo kwa miguu. Lakini kwenye skii uzito ukienda mikiani, ncha za mbele zinakosa kukamata theluji, hazisikii tena, na mwendo unaongezeka badala ya kupungua. Dawa yake ni muundi: usikie muundi unabonyeza ulimi wa kiatu muda wote, na mikono iwe mbele kama umebeba sinia la chai. Muundi ukiacha kubonyeza, tayari umeshaegemea nyuma.

Ukianguka, anguka ubavu, upande wa mlima. Kuinuka kuna mpangilio wake: geuza miguu hadi skii zote mbili ziwe chini yako, zimelala kukata mteremko kama ngazi, ndipo ujisukume kwa mkono karibu na nyonga. Zikitazama chini hata kidogo utainuka na kuondoka nazo. Ukishindwa mara tatu, vua skii ya juu, simama, uvae upya.

Njia zina rangi: bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Njia za manjano zimewekewa alama na kukaguliwa kwa ajili ya maporomoko, lakini hazisawazishwi na mashine. Nje ya hizo zote uko peke yako. Taasisi ya theluji na maporomoko ya Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku kwa daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 linasikika kama la katikati, na ndilo linalowaponza watu. Asiye na mwongozaji asitoke njiani, hata akiona alama za skii za wenzake kwenye theluji safi. Alama zile zinasema tu kwamba mtu alipita.

Kuna mambo mawili ya mwisho wa siku. Njia za kurudi hadi kijijini huwa zimechakaa jioni, zina barafu, zimejaa watu waliochoka. Anayeanza ashuke kwa treni au gari la waya, na hakuna aibu ndani yake. La pili ni Italia. Tiketi ya kimataifa inakuruhusu kuvuka mlima na kuteleza hadi Breuil-Cervinia, na eneo lote pamoja lina njia za kama kilomita 360. Ni raha kweli, lakini kurudi kunategemea magari ya waya ya kule juu, na upepo ukizidi yanafungwa bila kumngoja mtu. Aliyebaki upande wa pili atazunguka kwa teksi kupitia bonde la Aosta na handaki la Great St Bernard, zaidi ya saa tatu na mamia ya faranga. Soma saa ya gari la mwisho kwenye ubao asubuhi, anza kurudi ifikapo saa nane mchana, na pasipoti iwe mfukoni.

Asiyetaka skii hakosi cha kufanya. Kuna sleji, kigari cha kuteleza ukiwa umekaa, kutoka Rotenboden hadi Riffelberg, na njia za kutembea kwenye theluji zenye vibao vya waridi.

Wakati wa majani

Mei na nusu ya kwanza ya Juni hoteli na mikahawa mingi imefungwa, njia za juu bado zina theluji, za chini ni matope. Novemba ni hivyo hivyo. Njoo kati ya Julai na katikati ya Septemba. Kama ni safari moja tu maishani na hujawahi kuvaa skii, ushauri wetu ni huu wa Septemba mwanzoni: hewa imetulia, wageni wamepungua, na pesa ambazo zingeishia kwenye vifaa na masomo zinakulipia siku mbili zaidi.

Vibao vya njia Uswisi vina lugha yao. Manjano matupu ni njia ya kila mtu. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima, inayotaka viatu vya kushika na mtu asiyeogopa kingo. Nyeupe-bluu-nyeupe ni ya wenye ujuzi, yenye sehemu za kukwea au barafu. Muda ulioandikwa hauhesabu mapumziko wala picha, kwa hiyo uongeze nusu yake.

Njia ya kuanza nayo ni ile ya maziwa matano. Panda Sunnegga, endelea hadi Blauherd, mita 2,571, na dakika 20 baadaye uko Stellisee. Kutoka hapo unashuka kupitia Grindjisee, Grünsee na Moosjisee, unarudi Leisee na Sunnegga, jumla kama kilomita 10. Kivuli cha mlima Matterhorn majini kinaonekana Stellisee, Grindjisee na Leisee, na hapa ndipo wengi wanapokosea saa. Kufika saa sita mchana upepo umeshaamka, maji yana mikunjo, kivuli hakuna. Chukua treni ya kwanza. Riffelsee, chini ya kituo cha Rotenboden, ni vivyo hivyo: asubuhi au hapana.

Mchana una hatari nyingine. Joto la bondeni hupanda, mawingu yanajengeka juu ya vilele, na radi hupiga alasiri. Ukiona mawingu yanasimama kama minara, shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima na uondoke karibu na minyororo na ngazi za chuma. Beba koti la mvua na sweta hata kama kijijini ni nyuzi 25, maana kila mita 1,000 unazopanda zinakupunguzia kama nyuzi 6 au 7, na Agosti theluji huweza kunyesha Gornergrat.

Kutoka Schwarzsee, mita 2,583, kuna njia ya kama saa mbili hadi kibanda cha Hörnli, mita 3,260, mguuni pa Matterhorn. Ni kali na ina ngazi za chuma, na anayetembea anaishia hapo. Zaidi ya hapo ni kamba, mwongozaji mmoja kwa mteja mmoja, na mazoezi ya miezi. Randa, vituo vichache chini ya Zermatt, kuna daraja la kuning'inia la Charles Kuonen lenye urefu wa mita 494, lililofunguliwa mwaka 2017. Kupanda kulifikia ni zaidi ya saa mbili za mteremko mkali, na waendao kwa viatu vya kawaida hujutia kushuka kuliko kupanda.

Kwenye mto wa barafu wa Theodul watu huteleza hata Julai, alfajiri kabla theluji haijalainika. Lakini mwaka 2022, joto lilipozidi, skii ya majira ya joto ilibidi isimamishwe mwisho wa Julai. Barafu za Uswisi zilipoteza kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake mwaka 2022 na 2023 peke yake. Anayetoka Moshi, aliyekua akiitazama barafu ya Kibo ikipungua, ataelewa anachokiona akisimama Gornergrat na kuangalia kuta za mawe tupu ambako zamani barafu ya Gorner ilifika. Usikanyage barafu nje ya njia iliyowekewa alama. Nyufa zake hufunikwa na theluji nyembamba inayobeba macho tu, haibebi mtu.

Mezani

Fondue, ile sufuria ya jibini iliyoyeyuka, hupikwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi hutiwa pia kirsch, pombe ya cheri. Menyu haitaji kila mara. Asiyekunywa pombe aagize raclette: nusu ya jibini huwekwa mbele ya moto, sehemu iliyoyeyuka inakwanguliwa juu ya viazi, ikaja na matango madogo na vitunguu vya siki. Rösti, viazi vilivyoparwa na kukaangwa, huwekewa vipande vya nguruwe mara nyingi, kwa hiyo uliza. Kununua chakula supamaketi karibu na stesheni kunapunguza gharama kwa kiasi kikubwa, na maji ya bomba ni safi, hakuna haja ya chupa.

Siku upepo umefunga kila kitu, nenda Hinterdorf, nyuma ya barabara kuu. Pale kuna maghala ya karne zilizopita, ya mbao za mlachi, mti wa huko milimani, zilizoiva hadi kuwa nyeusi. Tazama miguu yake. Kila nguzo imewekewa juu jiwe bapa la mviringo kama chapati nene, na ghala limekaa juu ya mawe hayo. Panya anapanda nguzo, anafika chini ya jiwe, na hana pa kushika. Aliyeona ghala la mahindi lenye kinga za bati kwenye nguzo kijijini kwao anaitambua kazi hiyo mara moja.

Kisha ingia makumbusho ya Matterhorn, karibu na kanisa. Mlima huo wa mita 4,478 ulipandwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865 na watu saba wakiongozwa na Mwingereza Edward Whymper. Wakishuka, mmoja aliteleza, na wanne wakaanguka upande wa kaskazini. Watatu walipona kwa sababu kamba ilikatika kati yao na wale wanne. Walikuwa nazo nyingine zilizo imara zaidi, ila pale katikati ilifungwa iliyo dhaifu. Kipande chake kimewekwa ndani ya kioo. Ni chembamba, na nyuzi za mwisho bado zimechanguka pale ilipokatika.